Meza ya Mafuta

12 Februari

Kwako mpwa wangu Miguu,

Kiwanda hiki cha mikate kisingefika mwaka huu bila mimi, na si mimi ninayelisema, ni meneja mwenyewe, ingawa yeye alilisema kwa maneno mengine. Mji mzima ukiamka na kukata mkate, unakata kazi ya mikono yangu. Juzi alikuja mkaguzi wa afya na daftari lake. Akapita tanuri namba moja akaandika, akapita namba mbili akaandika sana, alipofika namba tatu, yangu, akafunga daftari. "Hapa sina la kuandika," akasema, akanipa mkono mbele ya watu. Kwa hiyo ujue barua yako imemkuta mtu mwenye shughuli nyingi, na bado nimeiweka mbele ya shughuli zote.

Marhaba. Sisi hatujambo. Mama yako mguu unamvimba jioni, lakini ulimi haujavimba, ananisema kila akiniona. Binamu yako amepata kazi ya kushona viti vya magari na tayari anatembea kama mwenye magari. Bibi yako husikiliza redio mpaka aiweke sikioni, halafu anabishana nayo.

Sasa tuje kwenye hilo ulilouliza. Nimelisoma mara mbili. Kambini kwenu amekuja mtafiti, anataka kuwagawa wakimbiaji kwenye meza mbili. Meza ya kwanza ni ya wanga: uji, wali, viazi, mkate. Meza ya pili ni ya mafuta: mayai, nyama na mafuta yake, siagi, parachichi, karanga, na wanga kidogo kama dawa ya mtoto. Kocha amesema kila mtu achague mwenyewe kabla ya tarehe moja Machi. Na unasema timu ya taifa imebakiza nafasi moja tu ya msichana wa nusu marathoni, itapatikana kwenye mchujo wa tarehe 28 Mei, na wewe ndiye unayeongoza sasa hivi. Unaogopa kuchagua vibaya.

Umeuliza mahali penyewe. Kaa meza ya mafuta. Mimi mwenyewe nimeacha wanga kabisa, mimi ninayeamka na mkate na kulala na mkate, na mwili wangu sasa ni wa kijana wa miaka ishirini na tano. Kuna karatasi ya kisayansi ninayoifuata, nimekunakilia yote nyuma ya barua hii kwa mkono. Soma mahali panaposema wanga hupandisha sukari na kumchosha mtu. Mwili una akiba ndogo sana ya wanga, ya saa moja na nusu au mbili za mbio, lakini mafuta hata mwembamba kama wewe anayo ya kumfikisha nchi nyingine. Sasa mtu mwenye akili atachukua pipa au kikombe?

Huyo mwenzako wa chumbani unayemwita Kijiti, mwache ale wali wake. Wewe una mjomba.

Mjomba wako,
Fundi Mkuu wa Tanuri Namba Tatu

---

9 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua yako niliipata tarehe 22. Simu zetu bado zinakaa kwenye kabati la matroni, tunapewa Jumapili dakika kumi na tano, na hizo naongea na mama. Mwambie bibi nimemsikia redioni mwenyewe, alikuwa anabishana upande wa pili.

Nilichagua meza ya mafuta. Tuko watano: mimi, wavulana watatu, na baba mmoja wa mbio ndefu za kilomita mia ambaye haongei. Kocha aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia nyumbani kuna mtu anayejua mambo haya. Akasema sawa, lakini mlango uko wazi: mpaka tarehe 11 Aprili, mwisho wa wiki ya sita, mtu yeyote anaweza kuhama meza. Baada ya hapo hakuna kuhama, kwa sababu mwili ukirudishiwa wanga unahitaji muda kuzoea, na yeye hataki kumpeleka mtu kwenye mchujo akiwa njia panda.

Leo ni siku ya tisa. Kichwa kinauma tangu siku ya tatu. Mdomo una ladha kama nimelamba msumari. Mtafiti anasema ni kawaida, tunywe maji yenye chumvi. Asubuhi napewa mayai manne na parachichi wakati Kijiti kando yangu anamimina uji. Jana aliniambia, "Dada, unatazama bakuli langu kama mume wa mtu." Nikamwambia akae mbali na mimi.

Mbio za polepole ziko sawa. Jumapili tulikwenda kilomita ishirini na nane bila kinywaji kitamu na sikusikia njaa. Hilo ni kweli kama ulivyosema. Za kasi ndizo zinanisumbua, miguu ni mizito tangu ya kwanza. Labda ni mwanzo tu.

Asante kwa kuninakilia karatasi yote ile. Najua kuandika kunakuchosha mkono.

Mpwa wako

---

17 Machi

Kwako Miguu,

Marhaba. Mkono wangu haujachoka hata siku moja. Wanaochoka mikono ni wale wa tanuri namba moja, ambao wiki hii wameunguza trei kumi na nne, nikaitwa mimi kuwaokoa. Nilipoingia, moto ulinyamaza. Fundi wao alikuwa amekaa chini amefunika uso kwa aproni kama bibi harusi. Nikamwambia inuka, si mwisho wa dunia, mimi nipo.

Kuhusu kichwa, hata mimi kiliniuma. Mdomo pia. Huo ni mwili unalia kama mtoto aliyenyimwa pipi, ukimsikiliza leo atakutawala mpaka uzeeni. Vumilia. Nimewaambia hapa kiwandani kwamba mpwa wangu yuko timu ya taifa na chakula chake kinapangwa na mimi. Tangu siku hiyo wananiita Profesa. Hata nesi wa kiwanda, mwanamke mkali asiyecheka na mtu, alicheka kwa furaha aliposikia.

Mimi nilikuwa mkimbiaji, sijui kama mama yako amewahi kukuambia. Lile gari la kusambaza mikate lilipoharibika, nilibeba mikate sitini kichwani, nikakimbia kilomita kumi na nne, nikafika ikiwa bado ya moto. Mama yako atasema ilikuwa baiskeli. Yeye hakuwepo.

Kocha asikutishe na milango yake. Mlango wazi ni wa watu wanaotoka.

Mjomba

---

26 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini hamjambo wote. Mama alisema Jumapili kwamba una kidonda mguuni kisichopona. Hukuniandikia. Umekipeleka kwa nani?

Mjomba, nataka nikueleze kitu kwa utulivu na wewe unisome kwa utulivu.

Kabla ya Machi nilikuwa nakimbia kilomita moja kwa dakika tatu na sekunde kumi na tano, narudia mara nane, napumzika dakika moja na nusu katikati. Kijiti alikuwa nyuma yangu kwa sekunde tatu au nne kila mara. Jumatano hii nilikimbia ya kwanza kwa tatu na ishirini na sita. Ya tano, tatu na thelathini na tatu. Ya sita sikuimaliza. Nilisimama kwenye mstari nimeshika magoti. Sikuwa na njaa, sikuwa na maumivu. Ni kama nguvu ipo ndani ya chumba na mimi sina ufunguo.

Alhamisi mtafiti alinivalisha barakoa yenye bomba, nikakimbia kwenye mashine. Alinionyesha kwenye karatasi yake. Mwili wangu sasa unaunguza mafuta mara mbili na zaidi ya zamani, hilo limefanikiwa, hata alifurahi. Lakini kwa mwendo uleule nahitaji hewa nyingi zaidi kuliko Februari. Alisema mafuta ni akiba kubwa ila yanadai hewa kuungua, na wanga ni akiba ndogo ila kwa hewa ileile inatoa nguvu zaidi. Anayekwenda polepole hewa inamtosha. Anayekwenda kasi hewa ndiyo yote aliyonayo. Yule baba wa kilomita mia amefurahi sana na meza yetu, anasema tumbo halimsumbui tena njiani. Lakini mimi sikimbii kilomita mia. Nakimbia ishirini na moja, na msichana wa kwanza ndiye anayekwenda.

Mvulana mmoja amehama meza juzi. Kocha alimsogezea kiti tu.

Nataka kuhama. Lakini karatasi uliyoninakilia haisemi uchovu unaisha lini, na mtafiti anasema watu wanatofautiana. Wewe umepita huku. Niambie tu hili, Mjomba, na kwa tarehe kama unaikumbuka: kwako uchovu uliisha siku ya ngapi? Ikiwa ni wiki ya tano nitasubiri. Ikiwa hukuwahi kuuona mwisho wake, niambie nihame. Nitafanya utakavyosema. Andika upesi, barua zinachukua siku saba mpaka kumi na mwisho ni tarehe 11.

Mpwa wako

---

2 Aprili

Kwako Miguu,

Marhaba. Kidonda ni mkwaruzo wa trei, mama yako anapenda kuzika watu wakiwa hai.

Nimeacha kazi ili nikujibu, ujue. Meneja amepita hapa, ameona naandika, ameondoka kwa ncha za vidole.

Umeuliza siku. Siku ya thelathini na nane. Ilikuwa Jumanne. Niliamka uzito wote umeondoka kama mtu amenivua koti lililolowa. Nikaja kazini nikanyanyua magunia mawili ya unga, moja kila bega, nikapanda nayo ngazi za stoo, na nilipofika juu nikasahau nilichofuata nikashuka nayo tena. Watu walisimamisha kazi. Kabla ya siku hiyo nilikuwa kama wewe, miguu ya matope, nikitaka kuacha. Siku ya thelathini na saba ndiyo mbaya kuliko zote. Anayeacha siku hiyo ameacha mlangoni.

Huyo mtafiti na barakoa yake anapima mwili ambao haujageuka. Ni sawa na mtu anayefungua tanuri katikati halafu anasema mkate ni mbichi. Bila shaka ni mbichi, funga mlango.

Hesabu mwenyewe. Umeanza tarehe moja Machi, siku ya thelathini na nane ni tarehe 7 Aprili. Ukisoma barua hii utakuwa umeshaiona au iko mlangoni. Usihame. Nimeshawaambia watu wote hapa, na picha yako ipo ukutani karibu na saa.

Mjomba wako anayejua

---

14 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Barua yako ilifika tarehe 10, mchana. Tarehe 7 ilikuwa imepita na sikuona kitu, lakini nikasema labda kwangu ni siku ya arobaini, wewe ni mwanaume. Tarehe 11 kocha alikuja chumbani kwetu. Hakukaa. Alisema, "Leo saa kumi na mbili jioni nafunga daftari la meza. Unabaki au unahama?" Kijiti alikuwa anakunja soksi, akaacha kukunja. Nikasema nabaki. Kocha akaniuliza kwa nini, maana ametazama nyakati zangu kwenye saa na yeye angekuwa mimi angehama. Nikamwambia mjomba wangu alipita humo humo na kwake ilifika siku ya thelathini na nane.

Akasema, "Mjomba wako anakimbia mbio gani?"

Sikumjibu. Nimeudhika naye mpaka leo.

Hatujambo huku. Siku ni ya arobaini na tano.

Mpwa wako

---

30 Aprili

Kwako Miguu,

Marhaba. Umefanya vizuri kutomjibu. Mtu akikuuliza hivyo anatafuta ugomvi, na mimi ugomvi nimewaachia watoto.

Kazi ni nyingi. Tanuri namba mbili limebomolewa, wameniuliza mimi lijengwe vipi. Nikachora kwa chaki sakafuni, injinia akapiga picha mchoro wangu, akaondoka kimya. Watu wakubwa huondoka kimya. Binamu yako amefukuzwa kwenye viti vya magari, anasema ameacha. Bibi yako anakuombea kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili.

Tumekubaliana hapa kiwandani kwamba tarehe 28 Mei redio itafunguliwa kwenye chumba cha kupakia. Wasichana wa kufunga mifuko wamekata karatasi wameandika jina lako la Miguu kwa wino mwekundu. Usiwe na wasiwasi. Miguu iliyotoka kwenye ukoo wangu haijui kushindwa.

Umesema siku ya arobaini na tano halafu hukusema kitu. Naelewa kwamba mambo ni mazuri.

Mjomba

---

3 Juni

Shikamoo Mjomba,

Natumaini bibi hajambo. Mama nimeongea naye.

Mlisikiliza redio kwa hiyo matokeo mnayajua, lakini redio ilimtaja wa kwanza tu, na mimi nataka ujue yangu.

Mpaka kilomita ya kumi na mbili nilikuwa na kundi la mbele, wasichana sita. Tulikwenda mwendo ambao Januari nilikuwa naongea ndani yake, napiga soga na Kijiti. Sasa nilikuwa navuta hewa kwa mdomo wote. Kwenye kona ya kilomita ya kumi na tatu, penye duka la matairi, mmoja akaongeza mwendo. Si mwingi. Sekunde tano kwa kilomita. Wote wakaenda naye. Mimi nikaiambia miguu iende, haikukataa, ila haikwenda. Niliona migongo yao inakuwa midogo na hakuna kitu kilichoniuma, Mjomba. Ningekuwa nimeumia ningeweza kulia. Nilikuwa nabaki tu, kama gari ambalo tangi limejaa na gia imekwama.

Nilimaliza wa saba. Kijiti ni wa kwanza, dakika moja na sekunde hamsini mbele yangu. Asubuhi ya mbio alikula mkate wenye asali na ndizi, na njiani akanywa kinywaji kitamu mara mbili. Yule msichana alikuwa hajawahi kunishinda hata kwenye kupanda ngazi. Amechukua nafasi. Alikuja kunikumbatia nikampa mkono.

Mtafiti ametusomea matokeo yake. Kati ya sisi wanne tuliobaki meza ya mafuta, watatu tumepungua mwendo, na baba wa kilomita mia amebaki palepale na ameridhika. Meza ya wanga wote walipanda, isipokuwa mmoja aliyeugua. Alisema hii haimaanishi mafuta ni sumu, inamaanisha kila mwendo una chakula chake. Alisema kwa heshima sana, akiangalia viatu vyake.

Na wewe ulilijua hilo. Nikiwa na miaka tisa ulinipeleka kwenye lile tanuri la zamani la kuni, ukaniambia gogo hukaa na moto siku nzima, lakini trei zikiingia huongezi gogo, unaongeza kuni zilizopasuliwa, maana mkate unataka moto wa sasa. Umesahau kwamba ni wewe uliyeniambia?

Kuna jambo lingine. Mama amesema ile karatasi ya kisayansi ulipewa kliniki na nesi wa kiwanda. Ni ya wagonjwa wa sukari wa umri wako. Amesema una sukari tangu mwaka jana na hukutaka watu wajue. Pole sana, Mjomba, kwa kweli pole. Lakini ulinipa chakula cha mgonjwa, mimi ambaye siumwi, kwa sababu ya kutotaka kusema unaumwa.

Sikulaumu kwa sukari. Nataka kujua siku ya thelathini na nane tu. Ilikuwaje hasa?

Mpwa wako

---

20 Juni

Mpwa wangu,

Marhaba. Barua yako nimeisoma na nimeiweka pembeni siku kumi ili nisikujibu kwa hasira, na hasira bado ipo, kwa hiyo nakujibu nayo.

Nani alikulea? Baba yako alipoondoka na begi lake, nani alikuja na kitanda chako mgongoni? Leo unanihesabia sekunde kama karani. Mama yako hana siri hata ya jirani, wewe unachukua maneno yake unayatia kwenye bahasha. Karatasi ni karatasi. Ilitoka kwa mtu wa afya, mimi nikaona ina elimu ndani yake, nikakupa. Ningekuwa mchoyo ningebaki nayo.

Hao wenzako wa mafuta walishindwa kwa sababu kocha wenu aliwalegeza mioyo tangu mwanzo kwa milango yake. Na kuna upepo. Umetaja upepo? Hukutaja. Huyo Kijiti ni mwepesi, upepo unambeba. Wewe ulikuwa na ukurutu wa wasiwasi kichwani, umeupata hapo hapo kambini, si kwangu.

Hapa kiwandani redio ilifunguliwa kama nilivyosema. Ilipokwisha, fundi wa tanuri namba moja aliniletea trei yenye mkate mmoja, akaiweka mbele yangu, akasema, "Profesa, upewe wanga upate nguvu za kurudi nyumbani." Chumba kizima kilicheka. Wasichana wa mifuko pia. Nesi alikuwa mlangoni, yeye hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Picha yako ameitoa mtu, sijui nani. Kwa hiyo usidhani umeumia peke yako.

Mjomba

---

12 Julai

Shikamoo Mjomba,

Natoka kambini tarehe 20. Kocha alisema naweza kubaki mwaka mmoja bila nafasi, kama msindikizaji wa mwendo wa Kijiti. Yaani nikimbie mbele yake kumkatia upepo mpaka kilomita ya kumi na tano, halafu nisogee pembeni. Nimekataa. Nimepata kazi kwenye duka la kufua nguo karibu na stesheni ya mabasi ya huku. Nitapiga pasi. Sirudi nyumbani kwa sasa.

Nimerudi kula wali. Wiki ya tatu sasa. Juzi nilikimbia kilomita moja peke yangu, jioni, nikaishika saa mkononi. Dakika tatu na sekunde kumi na saba. Niliketi kwenye ukingo wa barabara nikalia kwa mara ya kwanza tangu Mei.

Sitaki tuzungumze upepo. Sitaki kujua nani alinilea, najua, sijasahau kitanda wala kitu. Nimekuuliza kitu kimoja mara mbili. Tarehe 11 Aprili kocha alisimama mlangoni, nami nilikuwa na mguu mmoja nje. Kilichonirudisha ndani ni siku yako ya thelathini na nane, na Jumanne yako, na magunia yako mawili. Nataka kujua kama ilikuwepo.

Usiponijibu hili, usiandike mengine.

Mpwa wako

---

29 Agosti

Kwako Miguu,

Marhaba, ingawa hujaniamkia tangu ile shikamoo ya Julai, maana barua nyingine haijaja na sikutegemea.

Nimeanza barua hii mara sita. Ya kwanza ilikuwa na kurasa nne na ilikuwa nzuri sana, ina injinia ndani yake, nimeichoma kwenye tanuri namba tatu. Ambalo si langu tena. Wamenihamisha kwenye mlango wa kupokea unga, nakaa kwenye kiti, nahesabu magunia yakiingia. Meneja alisema ni kwa ajili ya mguu. Mguu wenyewe wamekata kidole kimoja, kile kidogo, mama yako atakuwa amekuambia, basi nisijifanye. Kidonda hakikuwa mkwaruzo wa trei. Naweza kutembea vizuri. Nesi anakuja kunifunga bandeji kila siku ya pili, na anafunga kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Mama yako hajambo. Bibi yako ameuliza kwa nini redio haikutaji, tukamwambia betri zimekwisha.

Nimekaa kwenye kiti hiki nikitazama ile barua yako ya Machi, ile ya sekunde. Uliniandikia kila kitu. Ulinieleza hewa, ukanieleza mafuta, ukanieleza wanga, ukaniwekea majibu mawili mezani niokote moja. Mtu mwingine angekuwa na aibu akasema sijui. Mimi nilikuwa nimeshawaambia watu wa kupakia, na wasichana wa mifuko walikuwa wameniuliza unakula nini asubuhi, na nilikuwa nimewajibu kama daktari. Sikuwahi kuulizwa kitu na watu wengi hivyo maishani mwangu. Ningekuambia uhame ningelazimika kwenda kuwaambia nimekosea. Basi nikakubakiza wewe.

Thelathini na nane nilichagua kwa sababu ningesema arobaini ungejua natia chumvi.

Umetaka jibu moja, ninalo, na si kubwa, ni dogo mpaka linanitia aibu kuliandika kwa kalamu. Sijui uchovu wa ile meza unaisha siku ya ngapi. Mimi sikufika huko. Nilikaa bila wanga siku tatu, tena hata ya tatu nilidokoa. Siku ya nne, saa nne asubuhi, mkate ulipotoka, nilikwenda nyuma ya magunia ya unga nikala nusu mkate nimesimama, mkavu, bila chai, nikafuta makombo kwenye masharubu kwa kola ya shati kabla nesi hajapita.